Kuzalisha Mbegu Yako ya Pilipili Nyanda za Juu Kusini: Nini Uchague Mapema, Nini Usubiri

Karibu kila mkulima anayejitunzia mbegu ya pilipili huchagua kwa njia moja. Wakati wa mavuno anapita shambani, anauona mche uliobeba kuliko mingine, anaufunga utepe, na matunda yake yanakuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Kwa baadhi ya tabia za pilipili njia hiyo inafaa sana. Kwa mavuno yenyewe, ambayo ndiyo mkulima anayatafuta, ni njia dhaifu kuliko zote.

Mwongozo huu ni wa mkulima, kikundi au afisa ugani wa Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe anayetaka kutengeneza aina yake ya pilipili kwa subira ya miaka michache. Utaratibu wote umejengwa juu ya jambo moja: tabia za ubora zichague mapema, kwenye mche mmoja mmoja, mavuno yachague mwishoni, kwenye ukoo mzima (miche yote iliyotoka kwa mzazi mmoja), shamba likiwa limegawanywa na kurudiwa.

Kabla ya kushika jembe: tabia hazirithiwi kwa namna moja

Pilipili ina kromosomu 24, yaani jozi 12: nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha mpangilio wa vinasaba vyake vyote na kukadiria jeni (vipande vya vinasaba vinavyoamua tabia) 35,000 hivi. Huhitaji kuzijua hizo zote. Unachohitaji ni kutofautisha tabia inayoamuliwa na jeni moja au mbili na tabia inayoamuliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Ukali ni mfano mzuri kwa sababu uko pande zote mbili. Pilipili iwe kali au isiwe kali kabisa, hilo linaamuliwa hasa na jeni moja iitwayo Pun1, iliyo kwenye kromosomu ya 2. Nakala ya ukali hutawala (ikiwepo hata moja, tunda ni kali), nakala ya utamu hujificha (huonekana zikiwa mbili tu). Ukichavusha hoho kwa chavua ya pilipili ndefu, watoto wote wa kizazi cha kwanza watakuwa wakali. Ukiacha watoto hao wajichavushe wenyewe, kizazi cha pili kitagawanyika: takriban robo tatu wakali, robo moja wasiowasha.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ugomvi wa majirani kuhusu jambo hili hauishi. Hoho iliyopandwa karibu na pilipili kali haiwi kali msimu huohuo kwa sababu ya chavua ya jirani. Ukali hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu ndani ya tunda, na utando huo ni mwili wa mama. Chavua ya jirani imeingia kwenye mbegu tu. Ukila tunda, ni hoho. Ukipanda mbegu zake mwaka unaofuata, ndipo baadhi ya miche itakapozaa hoho inayowasha. Kwa hiyo anayenunua mbegu mpya kila msimu hana sababu ya kumlaumu jirani. Anayetunza mbegu zake ndiye anayepaswa kujihadhari.

Sasa upande wa pili: ikishakuwa kali, ni kali *kiasi gani?* Hilo linaamuliwa na jeni nyingi pamoja na mazingira. Mche uliokosa maji au kupata joto kali unaweza kutoa matunda makali kuliko ndugu yake aliyemwagiliwa vizuri. Ndiyo maana pilipili ya Pawaga kwenye joto na ya Uyole kwenye baridi zikilinganishwa mezani huwezi kusema mbegu ipi ni kali zaidi. Linganisha zilizokua shamba moja, zilizochumwa wiki moja, zikiwa zimeiva sawa.

Rangi ya tunda lililoiva nayo husimamiwa na jeni chache kubwa: nyekundu huitawala manjano. Ila kina cha wekundu, ule unaofanya unga ung'ae, kinategemea jeni nyingi zaidi. Tunda kuning'inia hutawala tunda kusimama. Urefu na uzito wa tunda ni kazi ya jeni nyingi, lakini hurithika vizuri: mche wenye matunda marefu kwa kawaida huzaa watoto wenye matunda marefu.

Mavuno ya mche yako mwisho wa foleni. Ndani yake mna idadi ya matunda, uzito wa tunda, matawi, uwahi wa kuchanua, uwezo wa kushika maua usiku wa baridi na uwezo wa kuvumilia magonjwa. Kila kimoja kina jeni zake, na juu ya hivyo kuna udongo. Wanaolima vinyungu, yaani bustani za mabondeni penye unyevu, wanalijua hili: hatua tatu kuelekea kwenye maji, mche ule ule unakuwa mwingine.

Chukua mfano wa hesabu. Shamba lina wastani wa gramu 400 kwa mche. Umechagua miche bora yenye wastani wa gramu 700, yaani gramu 300 juu ya wengine. Kama kiwango cha kurithika ni asilimia 30, watoto wao watapanda kwa asilimia 30 ya hizo 300, yaani gramu 90 tu. Gramu 210 zilizobaki zilikuwa bahati ya mahali. Kwa urefu wa tunda, kurithika kukiwa asilimia 80, sehemu kubwa ya tofauti uliyoiona shambani utaiona tena kwa watoto. Asilimia hizi ni za mfano na hubadilika kutoka shamba hadi shamba, lakini mpangilio wake ndio huo: ubora wa tunda juu, jumla ya mavuno chini.

Hatua ya 1: Amua soko, kisha andika tabia tatu

Anayeuza pilipili mbichi soko la Mwanjelwa, Mbeya, anataka tunda gumu, lenye nyama na kikonyo kibichi kinachovumilia safari. Anayekausha anataka kinyume cha baadhi ya hayo: ngozi nyembamba inayokauka upesi, maji kidogo, rangi nyekundu nzito. Huwezi kuwapendeza wote wawili kwa aina moja. Chagua mmoja, uandike tabia tatu usizokubali kuzikosa, na mavuno yawe ya nne.

Kumbuka pia kwamba idadi ya matunda na uzito wa tunda huvutana. Ukichagua matunda makubwa tu mwaka hadi mwaka, idadi hupungua. Mkaushaji asifuate ukubwa. Afuate idadi na uzito mkavu.

Hatua ya 2: Tafuta wazazi

Pilipili hoho na pilipili ndefu zetu nyingi ni za jamii ya *Capsicum annuum* na huzaliana bila shida. Pilipili kichaa ni *Capsicum frutescens*, pilipili mbuzi ni *Capsicum chinense*. Kuvuka jamii moja kwenda nyingine kunawezekana wakati mwingine, lakini mbegu huwa chache na watoto wengine dhaifu au tasa. Kwa kazi ya kwanza baki ndani ya *annuum*.

Mzazi mmoja awe wa hapa, aliyezoea baridi yetu. Pilipili hupenda joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 chavua huharibika, maua huanguka, na matunda yanayoshika huwa yamejikunja na yana mbegu chache. Pita kwenye mashamba ya wazee mwezi Juni, upasue matunda ya miche iliyobaki. Ule wenye matunda yaliyonyooka na mbegu nyingi wakati huo una kitu ambacho aina ngeni nyingi hazina. Mzazi wa pili alete ubora unaokosekana: wekundu, urefu, au kinga ya ugonjwa. World Vegetable Center, yenye kituo Arusha, huhifadhi na kuendeleza mbegu za mboga, pilipili zikiwemo. Na TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wako jirani kwa ushauri.

Kinga nazo zina tabia zao. Kinga dhidi ya virusi vya kundi la batobato la tumbaku, inayobebwa na jeni iitwayo L, hutawala, kwa hiyo utaiona tangu kizazi cha kwanza. Kinga muhimu dhidi ya kundi jingine, la virusi vinavyoenezwa na vidukari, hujificha: watoto wa kwanza wote wanaweza kuugua na bado wameibeba. Usiwatupe.

Kabla ya kuwachanganya wazazi, wafunike chandarua msimu mmoja wajichavushe wenyewe. Ua la pilipili lina dume na jike na hujichavusha, lakini nyuki huhamisha chavua, mahali pengine kidogo na pengine kwa wingi wa kushangaza. Chandarua cha mbu kilichozibwa matobo, juu ya fito nne, kinatosha. Maua yakichanua tikisa mche kila asubuhi.

Hatua ya 3: Chavusha kwa mkono

Amua kwanza nani awe mama. Mama awe yule mwenye tabia inayojificha unayoweza kuiona kwa macho, mfano matunda yanayosimama au ya manjano. Baba awe na ile inayotawala. Faida yake utaiona hatua ya 4.

Jioni, tafuta kwenye mama vichipukizi vya maua vilivyovimba, vyeupe, vitakavyochanua kesho. Vilivyokwisha kuchanua achana navyo, vimeshajichavusha. Kwa kibanio chenye ncha nyembamba ondoa petali, kisha ung'oe stameni zote (vijiti vya dume vyenye chavua), tano hadi saba, bila kugusa unyanya (ncha ya jike inayopokea chavua) ulio katikati. Vifuko vya chavua bado viwe vimefumba. Ukiona unga, tupa ua hilo. Funika kwa pamba kidogo.

Asubuhi, umande ukikauka, chukua ua la baba lililochanua siku hiyo, paka chavua yake juu ya unyanya wa mama, rudisha pamba, na funga uzi wenye kikaratasi: mama, baba, tarehe, kwa penseli ili mvua isifute. Ondoa maua na matunda mengine kwenye tawi hilo ili mche usilitupe lako. Fanya maua 20 au zaidi, maana mengi yataanguka. Tunda lililoshika litaiva kwa siku 40 hadi 55, au zaidi penye baridi, na moja linaweza kukupa mbegu za kutosha kazi yote.

Nawa mikono kwa sabuni na pangusa kibanio kwa spiriti kila unapohama mche. Kwa ndugu zetu wa Chunya na kwingine kunakolimwa tumbaku hili si la hiari: virusi vya batobato la tumbaku huishi kwenye majani makavu na hata kwenye sigara, na hupita kwa vidole vya mtu. Aliyetoka kwenye bani (banda la kukaushia) la tumbaku asiingie kwenye kitalu cha pilipili kabla ya kuoga.

Hatua ya 4: Kizazi cha kwanza

Panda miche 10 hivi. Yote ifanane. Ukichukua mama mwenye matunda yanayosimama na baba mwenye yanayoning'inia, kila chotara wa kweli ataning'iniza matunda. Atakayesimamisha amezaliwa kwa mama kujichavusha mwenyewe, mng'oe. Hiki ndicho kipimo cha maabara kwa mtu asiye na maabara.

Usivutwe na wingi wa matunda hapa. Chotara wa kwanza mara nyingi huwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili, na nguvu hiyo hupungua vizazi vinavyofuata. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya mbegu chotara ya dukani, ukiitunza na kuirudia, isikupe tena kile ulichonunua. Funika kwa chandarua, vuna mbegu, endelea.

Hatua ya 5: Kizazi cha pili, ambapo kila kitu kinajitokeza

Hapa ndipo wengi huharibu kwa kupanda miche michache. Tabia moja inayojificha hutokea kwa mche mmoja kati ya minne. Mbili kwa pamoja, mmoja kati ya 16. Tatu, mmoja kati ya 64. Lakini kupanda miche 64 hakukuhakikishii kuupata huo mmoja. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95, panda miche 11 kwa tabia moja, 47 kwa mbili, na 191 kwa tatu. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, miche 200 inakaa kwenye mita za mraba 54. Ni bustani ya nyuma ya nyumba.

Pima ubora mche kwa mche, na upime kwa namna ile ile kila mara.

Kwa rangi, kausha matunda ya kila mche, ondoa mbegu, saga, pima kijiko kimoja kilichosawazishwa, tia kwenye chupa nyeupe yenye mafuta ya kula ya kiasi kilekile, acha hadi kesho. Rangi ya pilipili huyeyuka kwenye mafuta. Panga chupa dirishani na utaona mpangilio bila kubishana na mtu.

Kwa ukali, fuata wazo la mfamasia Wilbur Scoville la mwaka 1912: unapunguza kwa maji yenye sukari hadi ukali usisikike. Loweka unga wa kila mche kwenye kiasi sawa cha maji ya moto, chuja, ongeza maji mara mbili, mara nne, mara nane, na kuendelea. Waonjaji wawe watatu, wasijue ni mche upi, na kati ya kionjo na kionjo wanywe mtindi. Maji peke yake hayaondoi kapsaisini, kile kinachowasha. Unaohimili kupunguzwa zaidi ndio mkali zaidi.

Kwa ukaukaji, pima gramu 100 mbichi, kausha hadi tunda livunjike kwa mlio, pima tena. Iliyobakiza gramu 22 inamlipa mkaushaji kuliko iliyobakiza 15, hata kama debe zake mbichi ni sawa.

Chagua miche 20 hadi 30 kwa ubora na afya. Mavuno yatumie kuondoa miche mibovu kabisa, basi. Miche hii iwe imefunikwa tangu maua ya kwanza, na mbegu za kila mmoja ziwe na bahasha yake. Ukichanganya mbegu hapa umefuta kazi yote.

Hatua ya 6: Kuutuliza ukoo

Kila kizazi cha kujichavusha, nusu ya jeni zilizochanganyika hutulia. Katika kizazi cha pili nusu bado zimechanganyika, cha tatu robo, cha nne sehemu moja ya nane, cha tano moja ya 16, cha sita moja ya 32. Ndiyo maana watu husema "mbegu imekaa" baada ya kizazi cha sita.

Panda kila bahasha kwenye mstari wake, miche 12. Mstari huo sasa ndio ukoo. Ukiona ukoo wa matunda yanayoning'inia umetoa mmoja anayesimama, ujue mzazi wake alificha nakala moja. Theluthi mbili ya walioning'inia kizazi cha pili wako hivyo. Miche 12 yote ikifanana, yaelekea tabia hiyo imeshatulia. Linganisha ukoo na ukoo kwanza, kisha uchague miche bora ndani ya koo bora. Kufika kizazi cha tano bakiza koo 6 hadi 10.

Nyanda za juu hutoa kizazi kimoja kwa mwaka, maana kuanzia kitalu hadi mbegu iliyoiva ni miezi mitano au sita, na Juni na Julai kuna baridi kali, hata sakitu sehemu za Uyole, Njombe na Makete. Mwenye ndugu Mbarali, Kyela au Pawaga anaweza kupeleka mbegu kule kiangazi na kupata kizazi kingine mwaka huohuo. Hiyo iwe ya kuongeza kizazi tu. Usichague kule ukoo wa kupanda Uyole, kwa sababu unaoshinda kwenye joto la Usangu, bonde la Mbarali, waweza kushindwa na usiku wa Mbeya.

Hatua ya 7: Sasa pima mavuno

Chukua koo zako pamoja na aina inayolimwa sana eneo lako iwe ya kulinganishia. Gawa shamba mafungu matatu, kila fungu liwe na udongo na maji yanayofanana ndani yake. Kama shamba ni la mteremko, mafungu yafuate kontua (mstari wa mwinuko ulio sawa). Ndani ya kila fungu kila ukoo uwe na kipande kimoja cha miche 20, mahali pachaguliwe kwa kura. Zungusha mistari ya pembeni isiyopimwa, kwani miche ya ukingoni hupata jua zaidi na kudanganya mizani.

Pima uzito kila mchumo hadi wa mwisho, hesabu matunda yaliyooza na yenye madoa ya chule (ugonjwa wa ukungu), kisha chukua wastani wa mafungu matatu. Bahati ya mche mmoja humezwa na miche 60. Ukoo ulioshika nafasi ya kwanza fungu la kwanza, ya saba la pili na ya kwanza la tatu usiukimbilie. Anayekuwa wa pili kila mahali mara nyingi ndiye wa kweli. Rudia misimu miwili na, ikiwezekana, kwa wakulima wawili wa miinuko tofauti, mfano Ilula na Kilolo juu.

Hatua ya 8: Mbegu ya kutunza na ya kuuza

Vuna matunda mekundu kabisa, yasiyo na doa, yaache kivulini siku chache, vaa glovu, toa mbegu na uzianike kivulini penye upepo. Jua kali juu ya bati huziua. Zikikauka hadi zivunjike badala ya kupinda, weka kwenye chupa inayofunga vizuri. Gramu moja ina mbegu zipatazo 150, kwa hiyo chupa ndogo inatosha kikundi kizima.

Tenga akiba ya mbegu mama iliyozaliwa chini ya chandarua na usiile wala kuipanda yote. Shamba la kuzidisha liwe mbali na pilipili nyingine, mita 400 au zaidi, na ung'oe mche wowote usiofanana na wenzake kabla haujachanua.

Kutumia mbegu kwenye shamba lako ni jambo moja, kuiuza ni jingine. Biashara ya mbegu husimamiwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu yenye makao makuu Morogoro, na lipo daraja la mbegu za kuazimiwa ubora lililowekwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Waone kabla ya jaribio la mavuno la msimu wa pili, si baada yake, ili wakuambie vipimo gani watavitaka, na daftari lako la mafungu matatu liwe na namba hizo tayari.